Mkitaka kikundi chenu cha ngoma za mataifa kidumu, punguzeni stepu

Nacheza ngoma za mataifa, yaani ngoma za kiasili za nchi mbalimbali zinazochezwa kwa kushikana kwenye mstari au mduara, mwaka wa 13 sasa, na miaka 8 kati ya hiyo nimekuwa ndo nafundisha, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: tulianzisha kikundi, siku ya kwanza ukumbi ulijaa, miezi mitatu baadaye tumebaki sita tunaangaliana, tumekosea wapi? Jibu langu halibadiliki. Mnafundisha stepu nyingi mno. Nalisema kwa uhakika kwa sababu mimi mwenyewe nusura niue kikundi kwa kosa hilo hilo.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili kufundisha na nilikuwa na njaa ya ngoma mpya, kila wiki naleta tatu, wiki nyingine nne, nyingi nimezitoa kwenye video za vikundi vya jukwaani, zile ambazo mstari unavunjika unaungana, watu wanachuchumaa wanaruka, kila beti na stepu zake. Watu walijitahidi jamani, wengine wanaandika kwenye daftari, wengine wanarekodi na simu, wiki ijayo wanarudi wamesahau zote na mimi nimeshabeba zingine. Wakaanza kupungua mmoja mmoja. Mama mmoja ambaye alikuwa hakosi hata siku moja aliniita pembeni akaniambia, mwalimu, mimi nikitoka hapa narudi nyumbani najiona mjinga. Sijaisahau hiyo kauli mpaka leo.

Muda si mrefu akaja dada mmoja, mzaliwa wa Bulgaria, kaletwa na rafiki yake. Nikafurahi sana, nikaweka ile ngoma ya Kibulgaria tuliyoifanyia mazoezi mwezi mzima. Akasimama pembeni anapiga makofi, haingii. Nikamfuata, akasema kwa upole tu kwamba hiyo haijui. Basi nikamuuliza kwenu harusini mnacheza nini? Pravo. Pravo tu? Akasema ndiyo, tunaweza kucheza pravo nusu saa nzima, wanamuziki ndo wanachoka.

Akatuonyesha. Pravo maana yake ni iliyonyooka, na stepu zake ni nne tu: haraka, haraka, taratibu, taratibu. Basi, unarudia mpaka mwisho wa muziki. Mkishikana mikono mnaelekea kulia, na kwa sababu haraka ni pigo moja na taratibu ni mawili, hatua zinakamilika kwenye hesabu ya 6 wakati wimbo wenyewe kwa kawaida unakwenda kwa vifungu vya nne na nane, mara nyingi mguu na wimbo havianzi pamoja, na hilo mgeni likimchanganya mwambie asihangaike, aufuate mguu wa jirani yake. Usiku ule tulicheza kama dakika 15 bila kusimama na hakuna aliyetoka. Ila kilichonigusa zaidi ni kwamba kwa mara ya kwanza watu waliacha kutazama miguu, wakaanza kutazamana usoni, na yule mama aliyekuwa akijiona mjinga alikuwa anacheka.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huo, chagueni ngoma nne au tano nyepesi, zichezwe kila wiki bila kukosa, kwa mwaka mzima. Pravo, hora ya Waromania, lesnoto ya Makedonia, kalamatianos ya Wagiriki, an dro ya Brittany kule Ufaransa. Ngoma mpya moja kwa jioni inatosha kabisa na wiki inayofuata irudiwe kabla hujagusa nyingine. Walioanza zamani watalalamika kwamba wamechoka na zilezile, mimi huwa nawapa nusu saa ya mwisho kwa ngoma ngumu wanazozitaka, lakini sehemu ya katikati ya jioni ni ya wageni na hapo sibadilishi msimamo.

Na msidhani nyepesi maana yake haina thamani. Kwenye visiwa vya Faroe, kule kaskazini mwa Atlantiki, watu wanacheza hatua mbili kushoto na moja kulia, hakuna chombo hata kimoja cha muziki, wanaimba wenyewe tenzi ndefu zenye beti nyingi sana na mnyororo wa watu unazunguka ukumbi mzima. Kila hatua inachukua mapigo mawili, kwa hiyo hesabu ni 6, kama pravo, ila upande ni mwingine. Ukimfundisha mtu hiyo hesabu vizuri mara moja umemfungulia milango mingi.

Sasa tuje kwenye midundo, maana hapa ndo watu wengi wanakata tamaa. Lesnoto na kalamatianos zina mapigo 7, yaani 3-2-2, na mtu aliyezoea muziki wa mapigo manne anahisi kama ngoma inachechemea. Nilikuwa nafundisha kwa kuhesabu namba, wanachanganyikiwa, mpaka siku moja nikagundua kwamba Kiswahili chetu kina silabi zinazohesabika wazi kabisa, nikaanza kuwaambia waseme KAribu MAma BAba, KAribu MAma BAba. Tatu, mbili, mbili. Mguu unatua kwenye silabi ya kwanza ya kila neno, na angalia hapa, mkazo wa kawaida wa karibu uko kwenye ri, kwa hiyo ni lazima uusogeze mwanzoni la sivyo mguu utachelewa. Rachenitsa ya Bulgaria ni kinyume chake, mama baba karibu, 2-2-3. Daichovo ina 9, mama baba kaka karibu. Na kopanitsa yenye 11 inakuwa mama baba karibu kaka dada. Fundisha wakiwa wamekaa kwanza, wanapiga makofi tu, dakika tano, halafu ndo wainuke. Nimeshaona watoto wa miaka 9 wanaishika kopanitsa kwa njia hii kabla ya wazazi wao.

Kuhusu mikono na mstari, haya yanachukuliwa kirahisi lakini ndo adabu yenyewe. Kwenye ngoma nyingi za Balkani, yaani nchi za kusini-mashariki mwa Ulaya, kiongozi yuko mwisho wa kulia, yeye ndo anaamua mstari unakwenda wapi, na mgeni kumtangulia kiongozi ni utovu wa adabu hata kama hakujua. Ingia mwisho wa mkia, au ukilazimika kuingilia katikati ya mstari omba kwa ishara wakufungulie nafasi. Kama stepu hujaijua kabisa simama nyuma ya mstari ucheze huku unafuata, hakuna atakayekucheka, na mimi mwenyewe mpaka leo nafanya hivyo kwa ngoma nisiyoijua. Mshiko nao unabadilika, kuna wa mikono chini, kuna wa mikono iliyokunjwa usawa wa mabega, kuna wa kushikana mabegani, kuna wa kushika mkanda wa jirani, na kwenye an dro mnashikana vidole vidogo tu. Usimning'inie mwenzako. Huo ni uzito wako na unapaswa kuubeba wewe, hasa kwenye mshiko wa mabega ambapo mtu mfupi anaweza kuumia shingo.

Kuna kitu kingine nakijali sana na nitakisema bila kuzunguka. Ulizeni ngoma imetoka wapi kabla ya kuicheza. Si kila kitu chenye muziki na mzunguko ni cha kuwekwa kwenye jioni ya burudani. Sema ya Wamevlevi wa Uturuki, wale Masufi wanaozunguka na kanzu nyeupe, hiyo ni ibada, na mtu akiniomba tuiweke kwenye ratiba nakataa. Căluș ya Romania inafungamana na msimu wa Pentekoste na wanaume wanaoifanya walikuwa wakila kiapo. Kuitazama na kujifunza habari zake ni sawa, kuivaa kama vazi la sherehe hapana. Upande wa pili pia upo, watu wanaambiwa ngoma fulani ni ya kale sana kumbe sivyo. Sirtaki ambayo dunia nzima inaiona ndo Ugiriki yenyewe ilitungwa kwa ajili ya filamu ya mwaka 1964, kutokana na hasapiko, ngoma ambayo jina lake linatokana na wachinjaji. Haipunguzi utamu wake hata kidogo, chezeni, ila mwambieni mgeni ukweli.

Nikipata nafasi huwa nasimulia habari za táncház, yaani nyumba ya ngoma, ya Budapest kule Hungaria. Mwaka 1972 vijana wa pale waliamua kuzitoa ngoma za vijijini kwenye jukwaa wakazirudisha sakafuni, muziki wa mubashara, yeyote anaingia, unajifunza kwa kucheza katikati ya wanaojua. Wazo walilitoa kwenye kijiji cha Szék huko Transylvania, Romania, ambako watu walikuwa bado wanakodi nyumba ya kuchezea. Mwaka 2011 UNESCO wakaiweka kwenye orodha yao ya mifano bora ya kulinda urithi. Mimi niliposoma hilo nilielewa kwa nini kikundi changu kilikuwa kinakufa, nilikuwa najenga jukwaa mahali ambapo watu walikuja kutafuta sakafu.

Na sakafu yenyewe kama mnaweza kuchagua iwe ya mbao, zege linaua magoti, nimeona watu wazuri wakiacha kucheza kwa sababu hiyo. Viatu viwe na soli laini inayoteleza kidogo, raba zinang'ang'ania sakafu ukigeuka goti ndo linageuka lenyewe. Maji yawepo. Muziki usiwe juu kiasi cha mwalimu kupiga kelele.

Yule mama aliyejiona mjinga hakutuacha, tangu usiku wa pravo yuko nasi. Siku hizi yeye ndo ananipokelea wageni mlangoni, mtu akiingia akisita anamshika mkono, anamweka kati yake na mtu mwingine mwenye hatua tulivu, anamwambia usiangalie chini, sema karibu mama baba, na mimi nikiweka lesnoto namwona mgeni midomo inacheza kimyakimya mpaka miguu inashika.