Kabla hujaandika kwamba Waromania walikuwa wachache

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kuchunguza magazeti ya zamani ya wahamiaji wa Marekani, nimezisoma rasimu zenu. Kosa ni lile lile la kila kundi linaloingia. Nawapenda, ndiyo maana leo nitakuwa mkali kidogo.

1. Msimtafute Mromania kwa jina la Romania. Mnafungua sensa ya Marekani ya 1910, mnachuja waliozaliwa Romania, kisha mnashangaa mji wa Cleveland, Ohio, uliwezaje kuwa na magazeti ya Kiromania. Wahamiaji wale, wengi wao wakulima, walitoka majimbo ya Transylvania, Banat na Bukovina, na hadi 1918 huko kote kulikuwa chini ya Austria-Hungaria. Karani wa sensa aliandika Hungaria au Austria, akapita nyumba ya pili. Hata jina, Ion wa kijijini huenda yumo kwenye nyaraka za Kihungaria kama János. Na wale mliowapata? Wengi ni Wayahudi waliokimbia mateso Romania, na magazeti yao yalikuwa ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Yaani mmewaacha wasomaji wa gazeti, mkawahesabu wasiolisoma, kisha mkachora na grafu! Sensa hiyo hiyo ina swali la lugha mama. Anzieni hapo. Inaniuma kwa sababu watu hawa walishafichwa na himaya moja wakiwa kwao, na sisi ndio tuliobaki wa kuwaonyesha.

2. Tangazo la sikukuu ya kanisa, ulizeni kwanza ni kalenda ipi. Ya zamani, ile ya Juliasi, iko nyuma ya hii yetu kwa siku 13.

3. Tafsiri za mradi wa Chicago wa kutafsiri magazeti ya wahamiaji kwa Kiingereza, ulioanza 1936, ni makala zilizochaguliwa kwa mada. Si gazeti zima.

4. Someni kurasa za nyuma. Gazeti la America, alilolianzisha padri Moise Balea huko Cleveland mwaka 1906, baadaye likawa sauti ya muungano wa vyama vya kufa na kuzikana. Ninyi mnakimbilia tahariri, na maisha yenyewe yamo kwenye michango, wagonjwa na misiba. Wengi walikuja kutafuta dola elfu moja na nauli, warudi wanunue ardhi. Jina likitoweka kwenye michango bila tangazo la msiba, msiandike kwamba alihama mji; huenda alirudi kwao. Fungueni orodha za abiria wa meli: kila mgeni aliulizwa kama amewahi kufika Marekani, lini na wapi. Wengi mtawakuta hapo wakiingia kwa mara ya pili.