Shangazi, mume wangu amepata kazi Dubai na anataka niache ajira yangu

Shangazi shikamoo. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya serikali hapa Dar, huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Mume wangu yuko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mwezi uliopita amepata ofa Dubai, kampuni ya mizigo iliyoko Deira, dirhamu 7,000 kwa mwezi, kila kitu ndani. Akazidisha kwa 700 ikaja milioni nne na laki tisa. Hapa yeye anapata milioni moja na laki tatu, mimi nabaki na laki nane baada ya makato.

Ameshamwahidi mama yake kumalizia nyumba ya Muheza, na mdogo wake ameahidiwa ada ya chuo. Anataka niandike barua ya kuacha kazi, tuuze vitu, twende wote na watoto, wa miaka 7 na 4. Nilipomuuliza tutakaa wapi na kwa kodi ya shilingi ngapi, akasema namzibia riziki. Mama mkwe naye kanipigia simu kuniambia mke mwema humfuata mumewe. Anayemfanyia mpango anadai milioni tatu na nusu za viza, na kasema aingie kwa viza ya matembezi kwanza, atabadilishiwa hukohuko. Nimekutumia na picha ya ofa. Sipingi aende, ila naogopa. Hela hii inatosha watu wanne?

Muuguzi, Dar

*

Marahaba mwanangu.

Haitoshi watu wanne. Inamtosha mtu mmoja anayejibana, na inambakizia cha kutuma nyumbani. Nimeanza na jibu ili usiendelee kusoma ukiwa roho juu. Na kuuliza watoto watalala wapi hakujawahi kuziba riziki ya mtu yeyote. Wewe ndiye pekee katika familia hiyo uliyeuliza swali lenye maana, usione haya kuliuliza tena.

Mumeo kapiga hesabu ya kuzidisha, na hesabu hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Ni kweli Dubai mshahara haukatwi kodi ya mapato, 7,000 inaingia 7,000. Lakini ile milioni nne na laki tisa haipo mahali popote. Ingekuwepo kama angelipwa Deira na kulala Temeke. Tena hata hiyo 700 haikai pale ilipo: dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dirhamu 3.6725 kwa dola moja, kwa hiyo shilingi yetu ikipata nguvu kwa dola, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2024, kila dirhamu anayotuma inafika nyumbani imepungua.

Sasa nyumba. Sisi Dar tumezoea mwenye nyumba kudai kodi ya miezi sita, tunalalamika, tunalipa. Kule kodi hutajwa kwa mwaka, na mpangaji huandika hundi zenye tarehe za mbele: moja, mbili, nne, wengine hadi kumi na mbili. Hundi zikiwa chache bei hushuka kidogo, zikiwa nyingi hupanda. Tufanye mmepata studio, chumba kimoja chenye jiko pembeni, kwa dirhamu 48,000 kwa mwaka, na mwenye nyumba kakubali hundi nne. Hundi ya kwanza ni 12,000. Amana kwa kawaida ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka kama nyumba haina samani, hiyo ni 2,400. Dalali naye asilimia 5, 2,400 nyingine. Mamlaka ya umeme na maji, DEWA, inachukua amana ya 2,000 kwa fleti. Ongeza usajili wa mkataba wa nyumba, wanauita Ejari, kama mia mbili na ushee. Unakaribia dirhamu 19,000 kabla hamjanunua godoro. Kwa 700 ileile ya mumeo, hiyo ni zaidi ya milioni kumi na tatu, na mshahara wa kwanza bado haujaingia.

Halafu hundi yenyewe inahitaji akaunti ya benki, na akaunti inahitaji kitambulisho cha ukaazi, ambacho mtu aliyeshuka jana hana. Hundi ikigonga mwamba kwa kukosa fedha, tangu sheria ilipobadilishwa 2022 kwa kawaida haimpeleki mtu jela kama zamani, lakini mwenye nyumba anaweza kwenda moja kwa moja mahakamani kukazia deni, na akaunti ikazuiwa. Si deni la kumzungusha mtu mpaka mwisho wa mwezi.

Nyumba ikishapatikana, kila mwezi kodi imekula 4,000. Bili ya DEWA inakuja na ada ya nyumba ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka imegawanywa kwa miezi, kwenu ni 200. Umeme, maji na kiyoyozi weka 500, na wakati wa joto, Juni mpaka Septemba, hapo si anasa, watoto hawalali bila kiyoyozi. Kuna majengo ambayo kodi inabeba gharama ya ubaridi na mengine bili yake inakuja peke yake, hilo huulizwa kabla ya kuweka saini. Chakula cha watu wanne, mkipika nyumbani, weka 2,000. Nauli na simu 700. Mmefika 7,400 na mtoto wa miaka 7 hajaingia darasani. Watoto wa wageni kule wengi husoma shule za kulipia. Za mtaala wa Kihindi au Kipakistani ndizo nafuu, lakini hata hizo ni maelfu ya dirhamu kwa mwaka kwa mtoto mmoja.

Geuza upande wa pili. Mumeo aende peke yake, apange chumba ndani ya fleti ya watu wanaoheshimiana, tuseme 2,000 pamoja na umeme na maji. Chakula 900, usafiri wa metro na basi 350, simu na vidogovidogo 200. Anabaki na 3,550, karibu milioni mbili na nusu. Wewe laki nane zako zipo. Familia ina zaidi ya milioni tatu na laki mbili mkononi hapa Tanzania, watoto wako kwenye shule waliyoizoea. Mkienda wote, laki nane zimekufa na milioni nne na laki tisa zote zimemezwa na Dubai na bado mnadaiwa. Andika hesabu hizi mbili kwenye karatasi moja, kushoto na kulia. Usimsomee. Mpe kalamu azijaze mwenyewe, maana mtu huiamini hesabu aliyoiandika kwa mkono wake.

Hapo kwenye chumba nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wanaume zetu wanapoumia kimyakimya. Atakapofika ataambiwa Deira hiyohiyo kuna nafasi rahisi, kitanda tu, au partisheni. Nimewahi kuingia kumsalimia kijana wa kwetu aliyekaa hivyo. Sebule ya fleti imekatwakatwa kwa mbao za jipsamu, kila kijichumba kina kitanda, na juu ya kitanda kamba ya nguo. Hakina dirisha. Foleni ya bafu inaanza kabla ya adhana ya alfajiri, kila mtu na ndoo na taulo begani. Anamwambia mama yake kwenye simu kwamba yuko salama, na huku anaongea kwa kunong'ona asimwamshe wa zamu ya usiku upande wa pili wa ubao. Tena si maisha ya tabu tu, ni ya hatari: katikati ya 2025 Manispaa ya Dubai ilianza operesheni dhidi ya partisheni zisizo na kibali katika maeneo kama Al Rigga, Al Muraqqabat, Al Satwa na Al Barsha, kwa sababu ya moto na msongamano, na watu walitakiwa kuhama. Mumeo asijinyime mpaka akafika huko kwa sababu tu kuna paa la Muheza linasubiri bati.

Sharjah nyumba ni rahisi zaidi, wengi hulala Sharjah na kufanya kazi Dubai. Bei ya unafuu huo ni barabara. Foleni ya asubuhi na jioni kati ya miji hiyo miwili inakula saa nyingi za mtu. Akiweza, akae karibu na kituo cha metro upande wa Dubai hata kama chumba ni kidogo.

Nimeitazama ile picha ya ofa. Umeona walivyogawa? Mshahara wa msingi 2,000, posho ya nyumba 2,500, usafiri 500, "nyinginezo" 2,000. Kwa leo jumla ni 7,000 na hakuna tofauti. Siku ya kuondoka ipo. Kiinua mgongo kule huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, siku 30 kwa miaka inayofuata, alimradi ametimiza mwaka mmoja. Kwa msingi wa 2,000 ni dirhamu 1,400 kwa mwaka. Wakikubali kuihamishia ile "nyinginezo" kwenye msingi, iwe 4,000, ni 2,800. Jumla ya mshahara haiongezeki hata dirhamu moja, ni mstari mmoja kuandikwa upya. Wakati wa kuomba hilo ni sasa, kabla ya saini. Aombe na mambo mawili mengine: kampuni impe malazi au imkopeshe posho ya nyumba ya miezi kadhaa mwanzoni, imkate polepole, na tiketi ya likizo ya kila mwaka iandikwe. Kampuni iliyomtaka kwa sababu anaijua bandari ya Dar inamhitaji, asiombe kwa unyonge.

Sasa huyu wa milioni tatu na nusu. Mwanangu, msitoe. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ile ya 2021, inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma. Viza ya kazi inalipiwa na kampuni. Na kumwingiza mtu kwa viza ya matembezi aanze kazi huku "anabadilishiwa" ni kumweka kazini kinyume cha sheria. Mwajiri akikawia au akibadili maneno, mumeo atakuwa Deira hana mkataba, hana kitambulisho, na siku zake zinahesabika. Utaratibu ni huu: ofa rasmi kupitia wizara ya kazi ya kule, aisaini akiwa bado hapa, kibali cha kuingia kwa ajili ya kazi kitoke, ndipo apande ndege. Mkataba atakaosaini baadaye unatakiwa ulingane na ofa hiyo. Pasipoti ni yake, haishikwi na mwajiri. Kabla ya yote aende TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, aulize kama huyo wakala ana leseni. Kama mwajiri ni wa kweli, haya yote hayamkimbizi. Kama yanamkimbiza, mmeokoa milioni tatu na nusu.

Jinsi ya kuzungumza na mumeo. Usianze na "siachi kazi". Atasikia "sikuamini". Anza na kumpongeza, kwa sababu anastahili: mtu wa bandarini Dar akatafutwa mpaka Dubai si jambo dogo, na nadhani hajasikia neno hilo kwako tangu hofu ilipokuingia. Kisha mwombe miezi sita ya kwanza aende yeye. Kipindi cha majaribio kisheria hakizidi miezi sita, na ndani yake kampuni inaweza kumwachisha kwa notisi ya siku 14. Hakuna mwanaume mwenye akili anayemng'oa mtoto shuleni kwa ajili ya kazi ya notisi ya siku 14. Mwambie hivyo kwa upole, usiku watoto wakilala, si mbele ya ndugu.

Mama mkwe mwachie mwanawe. Yeye aliyeahidi ndiye akasogeze ahadi: nyumba ya Muheza isubiri mpaka amalize majaribio, ada ya mdogo wake ianze na muhula mmoja. Wewe mheshimu, msalimie, ukiulizwa sema "mama, tumekubaliana atangulie". Neno "tumekubaliana" liwe la kweli kabla hujalitamka.

Na wewe, barua ya kuacha kazi usiiandike. Ikija siku ya kwenda, muulize kwanza mwajiri wako habari za likizo bila malipo. Lakini nina jambo kubwa zaidi la kukuambia. Wewe ni muuguzi mwenye miaka tisa ya kazi. Ukienda Dubai kama mke wa fulani, utakaa ndani ya studio ukihesabu hundi. Ukienda na leseni ya Mamlaka ya Afya ya Dubai, DHA, unaingia na mshahara wako, na hapo ndipo hesabu ya watu wanne inaanza kuwezekana. Leseni hiyo inataka vyeti vyako vihakikiwe kutoka chanzo, yaani kule vilikotolewa, kupitia kampuni ya uhakiki iitwayo DataFlow, na ufanye mtihani wa kompyuta. Uhakiki unachukua muda kwa sababu chuo na mabaraza yetu hujibu kwa mwendo wao. Anza wiki hii kukusanya: vyeti vya chuo, usajili wa Baraza la Wauguzi na Wakunga, barua za uzoefu kutoka hospitali.

Watoto waambie baba anatangulia. Simu za WhatsApp za sauti na video zimefungwa kule, wengi hutumia Botim. Muwekee mumeo na uweke yako kabla hajaondoka, mjaribu mkiwa bado nyumba moja. Shule za mtaala wa Uingereza kule hufungua mwaka wa masomo mwishoni mwa Agosti au Septemba, hivyo hata mambo yakienda vizuri hakuna sababu ya kuwahamisha katikati. Leseni yako ikitoka na majaribio yake yakiisha, niandikie tena na ofa zote mbili, tupige hesabu ya nyumba ya vyumba viwili.