Miwani ya kumrudisha zimamoto kwenye moshi

Maswali ya wiki hii yanahusu uhalisia pepe, ile miwani ya kompyuta inayokuzungushia picha pande zote, na tiba ya kiwewe kwa waokoaji.

Mume wangu ni zimamoto. Tangu moto mmoja wa soko, king'ora kikilia anatetemeka. Kumwonyesha moto tena si kumtonesha kidonda?

Dada, kumwonyesha ovyo ni kumtonesha, hilo kweli. Lakini anayekwepa soko, king'ora na harufu ya moshi hapati kamwe kujua kwamba kumbukumbu haiunguzi. Siri iko kwenye hatua. Baada ya Septemba 11, 2001, siku waliyokufa zimamoto 343 wa New York, wanasaikolojia JoAnn Difede na Hunter Hoffman waliijenga upya kwenye kompyuta ile minara miwili iliyogongwa na ndege siku hiyo. Mgonjwa alianza na ndege inayopita juu tu, basi. Akizoea, ndege inagonga, bila mlipuko. Kisha mlipuko usio na sauti. Ndipo sauti, mayowe, na baadaye mnara kuporomoka na vumbi lake. Tabibu yuko kando, anauliza hofu imefika ngapi, na haongezi kitu mpaka ishuke.

Kwani hawezi kusimulia tu?

Anaweza, na wengi hupona hivyo. Shida ni wale wanaosimulia kama wanaandika ripoti ya zamu: saa, mtaa, idadi ya miili, uso mkavu. Kazi imewafunza hivyo. Hao ndio miwani inaweza kuwafungua. Ila utafiti wa wanajeshi 162 wa Marekani, uliochapishwa 2016, haukuona miwani ikiishinda tiba ya kusimulia; miezi baadaye waliosimulia walikuwa na nafuu zaidi. Muuza miwani hatakuambia hilo.

Vikao vingapi?

Mgonjwa wa kwanza wa minara ile, mwanamke wa miaka 26, alipata sita, na dalili za kiwewe zikapungua kwa asilimia 90. Ni mtu mmoja huyo, msiishike sita kama dozi ya malaria.

Nina miwani ya michezo nyumbani. Nijaribu na video za ajali?

Hapana. Ukizidiwa ukaivua katikati, umeifundisha hofu kwamba kukimbia kunalipa.

Huku kwetu miwani hiyo hakuna. Nifanyeje?

Nenda kliniki ya afya ya akili, mwambie mwanasaikolojia unataka tiba ya kukabili kumbukumbu hatua kwa hatua. Kama hupati usingizi au unawaza kujiua, hilo litangulie, ulitamke mlangoni.