Uliza Fundi: Flashi ya mteja imenigomeshea mashine

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari huku Ng'ong'ona karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mashine yangu ni ya zamani nimeiwekea Linux ya Ubuntu, kazi za wateja kama ripoti za fildi na picha za pasipoti nazitunza kwenye diski ya pili ya TB 1, iko kwenye kasha la USB, ni ext4 (mpangilio wa faili wa Linux). Nilichoka kuibofya kila asubuhi ndo ifunguke nikaandika /dev/sdb1 kwenye fstab (faili la diski za kufunguliwa mashine ikiwaka), wiki nzima poa tu. Jumatatu nawasha, skrini nyeusi, "emergency mode", na wanachuo wamejaa mlangoni! Nikachomoa flashi ambayo mteja aliisahau, nikawasha tena ikakubali. Flashi inahusikaje? Halafu kusevu humo inanikatalia mpaka nitumie sudo (ruhusa ya msimamizi).

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Flashi ndo mchawi wako, ila mlango umeufungua mwenyewe. Hiyo sdb siyo jina la diski, ni nafasi kwenye foleni, anayewahi kuonekana anaipata, na siku hiyo flashi iliwahi. Linux ikajaribu kuifungua kama ext4, na flashi nyingi ni FAT32, mpangilio tofauti, ikashindwa, na kwa vile hukuiambia kwamba diski hiyo siyo ya lazima, ikasimama hapohapo.

Jina la kweli la diski ni UUID, namba yake ya utambulisho, halibadiliki hata uichomeke tundu gani. Andika lsblk -f kwenye terminal uione, ikopi. Tunza fstab ya zamani kwanza (sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani), tengeneza folda kwa sudo mkdir -p /mnt/kazi, halafu fungua faili kwa sudo nano /etc/fstab, ule mstari wa sdb1 ufute uweke huu:

UUID=bandika-yako-hapa /mnt/kazi ext4 defaults,nofail 0 2

nofail ndo dawa yenyewe, diski isipokuwepo mashine inawaka bila kulalamika. Ile 2 ya mwisho ni ya kukagua diski wakati wa kuwaka, baada ya diski kuu, na kwa umeme unaokatika katikati ya kazi usiiweke 0.

Usiwashe upya bado! Kama diski ulishaifungua kwa kubofya ifunge kwanza, halafu sudo systemctl daemon-reload kisha sudo mount -a, inayofungua kila kilichoandikwa kwenye fstab. Ikinyamaza ni nzuri, ikilalamika rekebisha sasa hivi ukiwa bado una mashine inayowaka, siyo kesho foleni ikiwepo.

Kusevu: jimilikishe diski kwa sudo chown -R $USER: /mnt/kazi, lakini diski ikiwa imeshaingia, ukifanya kabla unakuwa umejimilikisha folda tupu tu.

Kuna mtego mmoja wa nofail ambao mimi umenila. Diski isipoingia folda ya /mnt/kazi bado ipo, unasevu humo kumbe unajaza diski kuu, siku diski ikirudi faili hazionekani maana zimefunikwa chini yake, nilizitafuta nusu siku nikijua zimefutika. Kwa hiyo sudo umount /mnt/kazi, hakikisha folda iko tupu, piga sudo chattr +i /mnt/kazi, kisha sudo mount -a tena. Diski ikikosekana folda itakataa kuandikwa hata na sudo, utajua mapema. Na zile flashi za wateja zitafutie kopo.