Jibu: Jedwali za mwisho wa mchezo wa chesi, nihesabu hadi mati au hadi kete kuliwa?

Mkuu, umeuliza jedwali zako (orodha za kompyuta zenye jibu la kila mkao wa kete chache) zihesabu hatua hadi mati, yaani mfalme kufungwa asiwe na pa kukimbilia, au hadi kete kuliwa au askari kusogea. Kama unataka injini, yaani programu inayocheza chesi, ishinde mashindanoni, chagua ya pili. Ya kwanza inapuuza kanuni ya hatua 50 (zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogea, mchezaji anaweza kudai sare): inakuonyesha mati ya uhakika, kumbe mpinzani anaweza kudai sare njiani. Jedwali ziitwazo Syzygy, za mwaka 2013, zilifuata hiyo ya pili. Za kete sita ni takriban GB 150, ilhali jedwali nyingine, za Nalimov, zinazohesabu hadi mati, zinazidi TB 1.

Ubaya wa hiyo ya pili ni uchezaji wa ajabu. Programu inaweza kumtoa malkia bure ili tu hesabu ya hatua 50 irudi sifuri, mradi ushindi haupotei. Watazamaji watacheka, pointi ni zako.

Kuzizalisha: anza na mikao yote ambayo mfalme keshapigwa mati, kisha rudi kinyumenyume. Usiandike kwamba upande umeshindwa hadi hatua zake zote halali ziwe zinaangukia kwenye ushindi wa mpinzani. Jedwali la malkia litangulie la askari, maana askari hupanda cheo. Na ukihesabu hadi mati, ulaji unaoingia kwenye jedwali dogo usubiri duru yake. Ukiuingiza mapema namba zote zinaharibika.

Jipime hivi, dhidi ya mfalme peke yake: ukiwa na ngome, mati ndefu kabisa ni hatua 16, malkia, 10, tembo (bishop) na farasi, 33.