Taa ya kruzi ikipepesa kwenye pikapu, anzia kwenye pedali ya breki

Ukiona taa ya kruzi (mfumo unaoshika mwendo mmoja bila kukanyaga mafuta) inapepesa kwenye dashibodi, usihangaike kwanza na kruzi yenyewe. Inama uangalie pedali ya breki. Nasema hivi baada ya Hilux yangu, dabo kebini ninayobebea mahema na vyombo vya wageni, kuanza kupepesa taa hiyo njia ya Makuyuni. Gereji moja hapa Arusha wakaniambia kompyuta ya gari imekufa, na kwa bei waliyotaja ningenunua matairi manne mapya. Ubovu wenyewe ulikuwa kipande cha mpira kidogo kuliko kifuniko cha soda.

Kwanza tofautisha. Kwenye Toyota nyingi, taa ikiwaka na kutulia maana yake umebonyeza kitufe na mfumo uko tayari. Wapo wanaokimbilia kwa fundi kumbe mkono uligusa kitufe tu. Ikipepesa, hapo kuna jambo. Tazama pia kama taa ya injini au ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) imewaka nayo. Zikiwaka pamoja, mara nyingi kruzi haina kosa: kompyuta imeona tatizo kwingine, ikaifunga kwa usalama wako. Tibu hilo lingine kwanza, kruzi itarudi.

Kama hakuna taa nyingine, rudi kwenye breki. Kruzi lazima iachie mara tu unapogusa pedali, kwa hiyo kompyuta haiwezi kuiruhusu ishike mwendo kama haiiamini swichi ya breki. Swichi hiyo imefungwa juu kwenye mkono wa pedali, chini ya dashibodi. Kwenye magari mengi ya sasa ndani yake mna njia mbili za umeme zinazokwenda kinyume: moja ikipitisha umeme, nyingine inakata. Majibu yao yasipolingana, kompyuta inaandika kodi, yaani namba ya kosa, kwa kawaida P0504 au P0571, na kruzi inazimwa. Fundi umeme mwenye mashine ya kupimia anaichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani na kuzisoma papo hapo.

Hata bila mashine kuna mengi ya kujua. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari, wewe kanyaga na uachie. Taa za breki zisipowaka kabisa, angalia fyuzi yake kisha swichi. Ikiwaka ya upande mmoja, ni balbu au soketi yake iliyoshika kutu. Zikiwaka bila kuzima, hapo ndipo palipokuwa pangu.

Kwenye mkono wa pedali kuna tundu, na tundu hilo limezibwa na kizibo cha mpira au plastiki ambacho kidole cha swichi, kile kipini kinachoingia na kutoka, hukiegemea. Kizibo kinazeeka, kinakauka, kinavunjika. Kidole kikikosa cha kuegemea kinapenya tunduni, na gari zima linaamini umekanyaga breki saa zote. Taa za nyuma zinawaka hata ukishafunga milango, asubuhi unakuta betri imelala, na kwa gari la otomatiki gia inaweza kutoka P (ya kuegesha) bila kukanyaga chochote. Mulika tochi kwenye kapeti chini ya pedali. Ukikuta vipande vya plastiki vinavyosagika vidoleni, usitafute zaidi. Kizibo kipya ni cha bei ndogo kabisa. Wengine huchomeka bolti na nati kwenye tundu. Ni njia ya kukufikisha nyumbani, usiifanye ya kudumu.

Swichi yenyewe ikiwa imechakaa, inabadilishwa kwa muda mfupi. Nunua mpya, si ya mtumba: hii ndiyo inayomwambia dereva wa nyuma yako kwamba unasimama. Na trafiki atakusimamisha kwa taa ya breki, hakuna atakayekuuliza habari za kruzi.

Gari la manyo, la gia za mkono, lina swichi nyingine kwenye klachi, ipime vivyo hivyo. Honi ikiwa imekufa na taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa usukani) inawaka, shuku ule utepe wa nyaya unaojikunja ndani ya usukani, maana ndio unaopitisha umeme wa honi, eabegi na vitufe vya kruzi vya usukani. Huo mwachie fundi anayeujua, maana eabegi ikifyatuka usoni ni hatari. Kwenye Toyota fundi hutoa waya hasi wa betri na kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Ukitoka kwenye tope la mashambani na taa ya ABS imewaka, osha na ukague sensa za magurudumu na nyaya zake kabla ya kuzibadilisha.

Kitu kinachoniudhi ni mafundi wanaochomoa betri ili taa izime, wakapokea hela. Taa inaweza kuzima kweli, lakini ubovu upo palepale, na kodi ambayo ingekuonyesha pa kuanzia inaweza kuwa imefutika.

Ukishatengeneza, jaribu kwenye barabara iliyonyooka na tupu, kama ile ya Longido kwenda Namanga, si hapa Tengeru kwenye bodaboda na mifugo. Washa kruzi, gusa breki kidogo sana: lazima iachie hapohapo. Kama ni manyo, rudia kwa klachi. Ikichelewa hata kidogo, izime kabisa na urudi kwa fundi.