Maswali ya Wasomaji: Furukombe wa Naivasha

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu zangu. Mwisho wa juma huenda Ziwa Naivasha kupiga picha kwa lenzi ya milimita 300, nami hufika huko kiasi cha saa nne asubuhi. Furukombe, yule tai mla samaki, akiruka hutoka na ukungu, na Mlima Longonot huonekana kama kivuli cha samawati. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue lenzi ya milimita 600. Nimsikilize? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Usinunue kwanza, ndugu msomaji, kwa maana chanzo kimojawapo cha tatizo umekitaja mwenyewe: saa nne. Karibu na ikweta jua hupanda kwa takriban digrii 15 kila saa, hivyo muda huo mwanga humwangukia ndege mgongoni na kuliacha tumbo gizani. Ardhi nayo imekwisha kupata moto, na hewa iliyo kati yako na ndege wa mbali inachezacheza. Lenzi ndefu zaidi itaikuza michezo hiyo pamoja na ndege mwenyewe. Uwe ndani ya boti kabla ya saa moja, wakati ziwa bado limetulia, kwani alasiri upepo huchafua maji na boti huyumba.

Waendesha boti wa Naivasha huchomeka kipande cha bua la mafunjo ndani ya samaki ili aelee, wakapiga mluzi na kumtupa, na furukombe hushuka kutoka kwenye migunga. Mimi sipendezwi sana na mtindo huo, kwa sababu picha zake zote hufanana, lakini kwa anayejifunza una faida moja: unajua ndege atatua wapi. Mwombe mwendesha boti aiweke boti ili jua na upepo viwe nyuma yenu, kwa kuwa ndege huyu hupenda kushuka akiukabili upepo, na hapo atakuja akikutazama. Weka kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) 1/2000 ya sekunde au zaidi, na usiogope kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 1600. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, ilhali picha iliyotikisika ni vigumu kuiponya. Kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera uangalie kichwa, ambacho ni cheupe kabisa juu ya mwili wa kahawia iliyokolea: ikiwa manyoya yake hayaonekani moja moja, punguza mwanga kidogo.

Longonot uuache hadi saa kumi na nusu jioni. Mlima huo uko kusini-mashariki mwa ziwa, kwa hiyo asubuhi jua hutokea upande wake na kuufanya kivuli. Jioni mwanga wa magharibi huupiga ubavuni, na makorongo yanayoteremka kutoka ukingo wa kreta hujitokeza yote.

SWALI: Nina simu tu. Yangeyange wa hapa kwetu hutoka kama karatasi nyeupe. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Gusa picha ya ndege kwenye kioo cha simu, kisha telezesha alama ya jua kuelekea chini mpaka mistari ya mbawa ionekane. Usivute kwa kidole ili kumkuza. Msogelee polepole kwa mshazari, na akinyoosha shingo kukutazama, simama hapo hapo.